Injini za michezo ya kompyuta: Mwenye mtaji mdogo asome mkataba kwanza

MCHEZO wa kompyuta ni bidhaa isiyopimwa kwa tenga wala kwa gunia, na pengine ndiyo sababu wenye fedha zao mjini Bagamoyo na katika mwambao wa kaskazini mwa Dar es Salaam huiangalia kwa mashaka. Hata hivyo ni bidhaa kama zilivyo nyingine. Ina malighafi, ina wakala, ina kodi, na ina mkataba ambao mtu akiusaini bila kuusoma anaweza kujikuta anavua kwa ajili ya chombo cha mwenzake.

Malighafi inayozungumzwa hapa ni injini ya fizikia. Hii ni sehemu ya programu inayokokotoa jinsi vitu vinavyoanguka, vinavyogongana, vinavyoteleza na vinavyoelea. Kwa mfano, kikundi cha vijana kikitaka kutengeneza mchezo wa mashindano ya ngalawa, hakiwezi kuchora kila wimbi na kila mtikisiko wa chombo. Wao huieleza injini uzito wa chombo, nguvu ya upepo na ukubwa wa tanga, nayo hukokotoa mara nyingi katika kila sekunde chombo kitaegemea wapi na kitazama lini. Kuandika injini ya namna hiyo tangu mwanzo ni kazi ya miaka kwa mtu aliyebobea katika hisabati. Mvuvi hafui mwenyewe mashine ya boti yake, bali huinunua au huikodi. Watengenezaji wa michezo nao hufanya vivyo hivyo, na hapo ndipo swali la leseni linapoingia.

Ni vema mwekezaji aelewe mapema kwamba bei ya injini hizi imeshuka hadi kukaribia sifuri. Kilichobaki kuwa ghali ni masharti, yaani malipo yanadaiwa lini, yanahesabiwa kwa kitu gani, na nani ana haki ya kuyabadilisha.

Walioanza kwa kuuza

Kampuni ya Havok ilianzishwa mwaka 1998 mjini Dublin, Ireland, na watu wawili waliotoka Chuo cha Trinity, Hugh Reynolds na Steven Collins. Biashara yao ilikuwa ya kawaida kabisa: anayetaka kutumia injini alipatana nao bei kwa kila mchezo anaoutengeneza, kisha analipa, mchezo uuzike usiuzike. Mchezo wa Half-Life 2 uliotoka mwaka 2004 uliipa Havok sifa kubwa, na Septemba 2007 kampuni ya Intel iliinunua kwa takriban dola milioni 110. Mwaka 2015 Havok ikahamia mikononi mwa Microsoft.

Mtindo huu unawafaa wakubwa. Kampuni yenye bajeti ya mamilioni ya dola huona nafuu kulipa mara moja na kumaliza, kwa sababu baada ya hapo hakuna anayekuja kuhesabu nakala zilizouzwa. Kwa kikundi cha watu wanne chenye kompyuta mbili, kulipa kabla ya kuvua ni kuzamisha mtaji ufukweni.

Ageia ya Marekani ilikuja na ujanja mwingine. Injini yake, PhysX, iliwapa watengenezaji wa michezo bila malipo, ikitegemea kupata fedha kwa kuwauzia wachezaji kadi maalumu ya kuharakisha mahesabu ya fizikia, ambayo ilitoka mwaka 2006. Ni sawa na mwenye duka anayegawa taa bure ili auze mafuta ya taa. Tatizo ni kwamba wateja wengi hawakuona sababu ya kununua kadi ya pili kwa ajili ya moshi na vipande vya vioo kupendeza zaidi. Februari 2008 Ageia ikanunuliwa na Nvidia, ambayo tayari ilikuwa inauza kadi za michoro, na PhysX ikageuka kuwa kivutio cha kuuzia kadi hizo. Desemba 2018 Nvidia ilitangaza kuufungua msimbo wa PhysX kwa leseni huria ya BSD, hatua ambayo mtu wa biashara ataielewa haraka: mwenye faida kwenye kadi hana haja ya kubana kwenye injini.

Walioamua kugawa

Wakati makampuni haya yakinunuana, watu wawili walikuwa wakigawa injini zao bila kudai senti. Erwin Coumans alitoa Bullet, na Erin Catto alitoa Box2D, ambayo ni ya michezo ya sura bapa, ile isiyo na kina. Zote zilitumia leseni iitwayo zlib, ambayo masharti yake yanaenea katika nusu ukurasa: tumia, badilisha, hata uza, ila usidai kuwa wewe ndiye uliyeiandika na usiondoe tangazo la leseni kwenye msimbo. Kumtaja mwandishi ndani ya bidhaa ni jambo la kupendeza lakini si la lazima.

Neno hilo "si la lazima" lilipata maana yake mwaka 2011. Mchezo wa Angry Birds wa kampuni ya Rovio ya Finland, uliotoka Desemba 2009, ulikuwa umeenea dunia nzima, nao umejengwa juu ya Box2D: ndege anayerushwa kwa manati na maboma yanayobomoka ni kazi ya injini hiyo. Katika mkutano wa watengenezaji wa michezo mjini San Francisco, Catto alisimama ukumbini akamuuliza ofisa wa Rovio ni injini gani waliyotumia. Alipojibiwa kuwa ni Box2D, alijitambulisha na kuomba jina lake litajwe. Kisheria hakuwa na dai lolote la fedha.

Wapo watakaomwona Catto kuwa ni mtu aliyepunjwa. Hesabu hiyo haijakamilika. Catto alikuwa mwajiriwa wa kampuni kubwa ya michezo, Blizzard, na Coumans kwa nyakati tofauti alifanya kazi Sony, AMD na Google. Injini waliyoigawa ilikuwa barua ya utambulisho ambayo hakuna cheti kingeweza kuishinda, na mwaka 2015 Coumans alipewa tuzo ya ufundi ya Chuo cha Filamu cha Marekani kwa ajili ya Bullet. Mshahara ndio uliowalisha. Mwekezaji anayeambiwa na kijana kwamba "tutagawa bure kisha tutapata fedha" na aulize mshahara huo utatoka wapi.

Tenga lililooza

Leo hii ni nadra mtengenezaji mdogo kwenda kutafuta injini ya fizikia peke yake. Huichukua ikiwa ndani ya kifurushi kikubwa chenye michoro, sauti na mengineyo. Kifurushi cha Unity kina PhysX kwa michezo yenye kina na Box2D kwa michezo bapa. Unreal cha kampuni ya Epic kilitumia PhysX katika toleo la nne, kisha kikatengeneza injini yake, Chaos. Godot, kilichoanzia Argentina na kufunguliwa kwa leseni huria ya MIT mwaka 2014, tangu toleo la 4.4 la Machi 2025 kimeongezewa injini ya Jolt, kazi ya Jorrit Rouwe, ambayo ilikwishatumika katika mchezo mkubwa wa Horizon Forbidden West wa mwaka 2022.

Kwa hiyo fizikia imekuwa kama chumvi ndani ya mchuzi: hainunuliwi peke yake, lakini anayeuza mchuzi anaweza kupandisha bei wakati wowote. Kilichotokea kwa Unity kinafaa kusomwa kwa makini na kila mwenye fedha ndogo.

Unity, iliyoanzia Denmark, iliuza hisa zake kwa umma mjini New York Septemba 2020 kwa dola 52 kila moja. Novemba 2021 hisa hiyo ilipita dola 200. Lakini kampuni yenyewe ilikuwa haipati faida, na mwaka 2022 pekee ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 900. Kampuni ya namna hiyo, bei ya hisa ikishashuka, hutafuta fedha mahali palipo karibu, na palipo karibu ni kwa wateja waliokwisha kujifunga kwake.

Tarehe 12 Septemba 2023 Unity ikatangaza ada mpya. Badala ya kutoza kila mtumiaji kwa mwaka tu, kuanzia Januari 2024 ingetoza kila mara mchezo unaposimikwa kwenye simu au kompyuta ya mchezaji. Kwa wenye leseni ya chini kabisa, ada ingeanza mchezo ukishafikisha mapato ya dola 200,000 katika miezi 12 na kusimikwa mara 200,000, na kiwango kilikuwa dola 0.20 kwa kila usimikaji katika nchi tajiri na dola 0.02 katika nchi nyingine.

Dola 0.02 inaonekana kitu kidogo, na ndiyo maana inafaa kuipigia hesabu. Chukua mchezo unaotolewa bure na kupata fedha kwa matangazo, ambao kwa mwaka umeingiza dola 210,000 na, baada ya kuvuka kiwango, umesimikwa mara milioni 2. Kwa bei ya nchi kama Tanzania, ada ni dola 40,000, karibu asilimia 19 ya mapato yote. Wachezaji hao hao wangekuwa Marekani, ada ingekuwa dola 400,000, karibu mara mbili ya fedha yote iliyoingia. Njia ya kukwepa ilikuwa kuhamia leseni ya juu, iliyokuwa ikiuzwa takriban dola 2,040 kwa mtumiaji mmoja kwa mwaka na ambayo viwango vyake vya kuanza kutozwa vilikuwa vikubwa zaidi. Bila shaka huko ndiko wateja walikokuwa wakisukumwa.

Mchuuzi wa samaki wa Bagamoyo atalitambua jambo hili. Kutozwa sehemu ya mauzo ni kitu kimoja. Kutozwa kwa kila tenga linaloshushwa, liwe limeuzwa, limegawiwa au limeoza, ni kitu kingine. Mrabaha hupanda na kushuka pamoja na biashara, wakati ada ya kichwa haijali kama kichwa hicho kilileta fedha.

Kelele zilikuwa kubwa. Baada ya siku 10 Unity ililegeza: wenye leseni ya chini waliondolewa kabisa, na waliobaki waliwekewa kikomo cha asilimia 2.5 ya mapato. Oktoba 2023 mkuu wa kampuni, John Riccitiello, aliondoka. Septemba 2024 mrithi wake, Matt Bromberg, aliifuta ada hiyo kabisa na badala yake akapandisha bei ya leseni ya Pro kwa asilimia 8, kufikia dola 2,200 kwa mtumiaji kwa mwaka, kuanzia Januari 2025.

Ada ilifutwa, lakini miezi 12 ilikuwa imepita huku watu wenye michezo iliyokaribia kukamilika hawajui gharama zao za mwaka ujao. Biashara ndogo huweza kufa kwa muda kama huo bila kulipa hata shilingi moja ya ada yenyewe.

Kilichoachwa Tanga

Kwa msomaji wa mwambao huu mfano wa karibu zaidi hauko San Francisco. Uko mkoa jirani wa Tanga. Septemba 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15, sehemu kubwa ya fedha ikitolewa na Elon Musk, la kutengeneza programu ambayo mtoto ataitumia kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Washiriki watano waliofika fainali walipewa dola milioni 1 kila mmoja. Kuanzia mwishoni mwa 2017 programu zao, zikiwa katika Kiswahili na zimejaa michezo, zilijaribiwa katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga kwa watoto karibu 2,700, kwa ushirikiano wa Serikali, UNESCO na Shirika la Chakula Duniani. Vishikwambi vilitolewa na Google na vilichajiwa kwa umeme wa jua.

Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kati ya onebillion ya Uingereza na Kitkit School, kazi ya kampuni ya Enuma yenye makao yake Marekani na Korea Kusini.

Jambo la kibiashara ambalo halikuzungumzwa sana ni sharti la leseni. Wote watano walitakiwa kuziweka wazi kazi zao: msimbo kwa leseni ya Apache 2.0, na picha, sauti na hadithi kwa leseni ya Creative Commons inayodai kutajwa kwa mwenye kazi. Maana yake ni kwamba mtu wa Bagamoyo, Msata au Chalinze mwenye kituo cha masomo ya ziada anaweza kihalali kuichukua programu iliyogharimu mamilioni ya dola, kuirekebisha, na kutoza ada kwa huduma yake, mradi ahifadhi matangazo ya leseni, aonyeshe alichobadilisha, na asijifanye ndiye Enuma au onebillion.

Hiyo ni bure ya kweli, lakini nayo ina gharama. Programu zile ziliandikwa kwa ajili ya kishikwambi cha Pixel C, ambacho Google iliacha kukiuza mwishoni mwa 2017. Kuzifanya zifanye kazi kwenye vifaa vinavyouzwa Kariakoo leo ni kazi ya fundi, na fundi hulipwa. Pili, kufungua kazi yako hakufungui injini iliyo chini yake. Mtu akiufungua msimbo wa mchezo alioujenga kwa kifurushi chenye mwenyewe, anayeuchukua bado atalazimika kukubaliana na mwenye kifurushi. Ndiyo maana kabla ya kununua au kurithi mchezo wowote ulioitwa "huria", ni lazima kuuliza chini kuna nini.

Ikumbukwe pia kwamba Enuma haikupata fedha zake kwa kuuza Kitkit School vijijini. Ilipata ruzuku na zawadi, na upande wa pili ina Todo Math, programu inayowauzia wazazi wenye uwezo. Onebillion ni shirika lisilo la faida. Anayetaka kufuata nyayo zao na aelewe kwamba mteja wao alikuwa mfadhili, siyo mzazi wa Handeni.

Hesabu ya Bagamoyo

Bagamoyo ina kitu ambacho injini haiwezi kutoa. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ambayo ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, hutoa wapiga ngoma, wachoraji na waigizaji, na mchezo mzuri huhitaji wote hao. Ikiwa mtu ataweka fedha katika mchezo wa ngalawa uliotajwa hapo juu, hesabu yake ingekuwaje? Kwa ajili ya hesabu tu, dola moja ichukuliwe kuwa Sh 2,500.

Mchezo ukiuzwa Sh 2,000 na kupata wanunuzi 10,000, mapato ni Sh milioni 20. Duka la Google, ambalo Julai 2021 lilishusha kamisheni yake hadi asilimia 15 kwa dola milioni 1 ya kwanza kwa mwaka, kwa kiwango hicho litachukua Sh milioni 3. Injini ya Godot haichukui kitu. Unity kwa leseni ya chini haichukui kitu mpaka mapato yafikie dola 200,000, yaani Sh milioni 500. Epic hudai asilimia 5, lakini tangu 2020 imesamehe dola milioni 1 ya kwanza kwa kila mchezo, yaani Sh bilioni 2.5. Zimebaki Sh milioni 17. Vijana wanne wakilipwa Sh 400,000 kwa mwezi kwa mwaka mzima, mishahara ni Sh milioni 19.2. Hasara ni Sh milioni 2.2, kabla ya umeme na intaneti, na hakuna hata shilingi iliyokwenda kwenye injini.

Hii haina maana kwamba mkataba wa injini haujalishi. Una maana kwamba unaanza kuuma siku biashara inapofanikiwa, wakati ambapo kubadilisha injini ni sawa na kubadilisha mkuku wa jahazi likiwa baharini. Aidha, asilimia 5 ya Epic huhesabiwa kwenye mauzo ghafi, kabla duka halijachukua chake. Katika mgawo wa uvuvi, gharama za safari hutolewa kwanza ndipo mwenye chombo na mabaharia wagawane. Hapa mwenye injini hukata kabla ya mafuta.

Upande wa kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inataka mrabaha unaolipwa kwa asiye mkazi ukatwe kodi ya zuio ya asilimia 15. Mikataba mingi ya kigeni humtaka mlipaji afikishe fedha kamili, hivyo asilimia hizo humwangukia aliyeko huku. Ni vizuri mhasibu aulizwe kabla ya malipo ya kwanza kutumwa.

Liko pia suala la mkataba wa nyumbani, kati ya mwenye fedha na vijana wenyewe. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ugomvi huanza pale ambapo hakuna karatasi inayosema msimbo ni wa nani. Karatasi hiyo itaje injini iliyotumika pamoja na namba ya toleo lake. Mwaka 2019 Unity iliahidi kwamba mtengenezaji anaweza kubaki na masharti ya toleo alilotumia, miaka minne baadaye ikatangaza ada iliyoyagusa hata matoleo ya nyuma, kisha chini ya shinikizo ikarudia ahadi ile ile. Nakala ya masharti kama yalivyosomeka siku ya kuanza kazi ichapishwe, itiwe tarehe, na ibanwe pamoja na mkataba.